Muhuri wa Tatu kwenye Karatasi ya Njia ya Kusini

Mheshimiwa Meya Toyoguchi, Waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Mji wa Ashinuma, Mkuu wa Idara ya Maendeleo, Bwana Isobe, Bibi Fumie Nukazawa, uliyetuazima mume wako kwa miaka thelathini na minane na leo umekuja kumchukua, wazee wa chama cha wakata matete, mlioketi karibu na mlango ingawa viti vya mbele vipo, wafanyakazi wenzangu, mabibi na mabwana.

Naitwa Chisato Ebina. Mimi ni karani wa Kitengo cha Hifadhi ya Ardhioevu, mdogo kuliko wote kwa umri na kwa cheo, na kwa desturi ya ofisi yetu mdogo kuliko wote ndiye anayemuaga anayestaafu. Desturi hii ina busara yake. Mdogo hajui mengi, kwa hiyo hatarajiwi kusema mengi. Nilipewa dakika tatu, na Ofisi ya Utumishi ikanisaidia kwa kuniandikia hotuba yenyewe ili nisihangaike. Ni hotuba nzuri. Inasema kwamba Mzee Nukazawa alifika kazini mapema, kwamba aliwapenda ndege, na kwamba sasa atapata muda wa kutosha wa kushughulikia bustani yake. Yote ni kweli isipokuwa bustani. Mzee Nukazawa anaishi ghorofa ya nne.

Naomba radhi kwamba sitaisoma. Nimeandika nyingine, ndefu zaidi.

Jambo lenyewe ni hili. Jumatatu ijayo Baraza litapiga kura juu ya awamu ya pili ya bustani ya umma ya Ashinuma: njia ya mbao iendelee kusini kwa mita mia nne nyingine ndani ya matete, na mwisho wake ujengwe mkahawa. Katika kiambatisho cha sita cha pendekezo hilo kuna sentensi moja isemayo: "Mkuu wa Kitengo cha Hifadhi, Bwana Teizo Nukazawa, aliridhia njia ya kusini bila pingamizi lolote." Waheshimiwa, sentensi hiyo si ya kweli. Na mtu aliyeifanya ionekane ya kweli ni mimi.

Nitaeleza kwa utaratibu, maana nikiacha utaratibu nitalia, na sikuja hapa kulia.

Wengi wenu mnamjua Mzee Nukazawa kwa viatu. Ndiye mtu pekee anayeingia jengo hili na viatu vya mpira vya kufika magotini, na ndiye pekee ambaye mhudumu wa usafi humtandikia gazeti lake mwenyewe mlangoni. Wachache mnamjua kwa ulimi. Siku yangu ya kwanza kazini alinitazama kuanzia viatu hadi nywele, akauliza, "Binti, chuoni umesoma nini?"

Nikamwambia, "Sheria za mipango miji, mzee."

"Pole. Dawa yake ni matope. Twende."

Tukaenda. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vya ofisini. Mama yangu alifanikiwa kuokoa kimoja.

Wiki ile ile alinifundisha swali ambalo nadhani ndilo kazi yake yote: utawaingizaje watu mahali ambapo wakiingia panaharibika? Kinamasi chetu ni mali ya watu wa mji huu, lakini kwa miaka arobaini watu wa mji huu wamekiona kwenye kalenda tu. Wapo wanaosema Mzee Nukazawa alitaka kibaki hivyo. Nimeyasikia maneno hayo humu ndani, kwenye foleni ya chai, yakisemwa na watu ambao hawajawahi kulowa hata soksi. Nilimsikia mimi mwenyewe akiwaambia wale washauri wa mipango waliokuja kutoka mji mkuu: "Watu wasipoingia, siku Mji ukitaka kufukia matope haya ujenge maghala, nani atapiga kelele? Vyura?"

Alikuwa na njia yake. Ilianzia kwenye ghala la zamani la mpunga, upande wa kaskazini, ikafuata tuta ambalo babu zetu walilijenga kuzuia mafuriko. Watu wangetembea nyuma ya ukuta wa matete yaliyofumwa, kama majamvi tunayotundika madirishani wakati wa joto, na kila baada ya hatua hamsini ukuta ungekuwa na matundu matatu ya kutazamia: moja la mtu mzima, moja la mtoto, moja la mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu. Hilo la tatu hakulikisia. Aliazima kiti kituo cha wazee, akanikalisha mimi, akanisukuma juu ya tuta lile mpaka kwenye kipande cha ukuta alichokifuma kwa majaribio, siku nzima ya upepo wa mwezi wa pili.

"Unaona nini?"

"Matete, mzee."

"Na sasa?"

"Matete na kidevu chako."

"Basi tundu lishuke." Akatoboa chini zaidi kwa kisu cha wakata matete. "Na sasa?"

Na hapo nikamwona. Kipanga wa matete, jike, rangi ya chai iliyokolea, akiruka chini chini kana kwamba anatafuta kitu alichokidondosha. Sikuwa nimewahi kumwona. Nimezaliwa Ashinuma. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimekaa kwenye kiti cha mgonjwa, nimefunikwa blanketi la mtu nisiyemjua, nikawaza kwamba hii ndiyo kazi nitakayoifanya maisha yangu yote. Mzee akaniuliza kama naona. Nikasema naona. Akaandika: sentimita mia moja na nane.

Njia ya kusini, mnaifahamu. Inaanzia soko la barabarani, penye maegesho na vyoo, na kwa dakika saba inamfikisha mgeni katikati kabisa ya matete, juu ya mbao zilizoinuliwa, akiwa ameshika aiskrimu yake. Njia ya kaskazini ni dakika kumi na tisa. Tofauti ni dakika kumi na mbili. Kwa dakika hizo kumi na mbili tulitoa tulichotoa.

Kwa sababu kipanga huyu hajengi mtini. Anajenga chini, ndani ya matete, juu ya maji, na hapa Ashinuma amejenga upande wa kusini tangu kabla Mzee Nukazawa hajaajiriwa. Mtu akipita nyuma ya kitu, ndege hamjali. Mtu akisimama wazi juu ya matete, hata kwa mbali, ndege anaacha mayai. Akiyaacha kwa muda, kunguru wanayamaliza. Washauri waliandika kwenye ripoti yao kwamba "ndege watapewa muda wa kuzoea." Mzee Nukazawa alisoma mstari huo kwa sauti kikaoni, akavua miwani, akauliza, "Barua ya kuwapa muda huo ataipeleka nani?" Watu wakacheka. Bwana Isobe, ulicheka nawe, nakumbuka, una kicheko kizuri. Kisha ukasema kwamba Meya ameshaitangaza njia ya kusini sokoni mbele ya watu, na ajenda ikaendelea.

Sasa nifike kwenye karatasi.

Kwa wageni wetu ambao hamfanyi kazi ofisini: hapa Mji hakuna kinachofanyika bila karatasi ya maafikiano kuzunguka. Karatasi ya njia ya kusini ilikuwa na visanduku saba vya mihuri, kila mtu na muhuri wa jina lake, kuanzia karani hadi Meya, na aliyeibeba meza kwa meza alikuwa mimi. Siku za mafunzo tulifundishwa kwamba mdogo hagongi muhuri wake ukasimama wima. Anauinamisha kidogo kuelekea mihuri ya wakubwa, kama mtu anayetoa heshima. Nilijizoeza nyumbani nyuma ya kalenda mpaka kuinama kwangu kukapendeza. Jambo jingine la mihuri sikufundishwa. Niliambiwa baadaye kwamba halifundishwi. Mtu hulijua kwa kukaa.

Nilikusanya mihuri mitano. Wa tatu ulikuwa wa Mzee Nukazawa. Wa tano ulikuwa wa Bwana Isobe. Nilikuwa kwenye ngazi, nakwenda ghorofa ya tatu kwa Naibu Meya na Meya, nilipotazama karatasi na kuona kwamba muhuri wa Mzee Nukazawa umegongwa kichwa chini miguu juu.

Nilishtuka. Nikamwonea huruma. Nikajiambia, macho yake yanaanza kumwangusha. Meya akiona hivi atasemaje? Nikarudi chini, nikachapa karatasi mpya, ile ya kwanza nikaitia kwenye mashine ya kukata karatasi, nikaanza tena mzunguko. Hakuna aliyenituma. Nasema hivyo mbele yenu wote: hakuna aliyenituma. Nilidhani nafanya wema.

Wakuu wanne na mimi tuligonga mihuri yetu mara ya pili. Wale wanne, hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini.

Mzee Nukazawa nilimkuta anafunga kamba za darubini. Nikasema kwa adabu yote niliyokuwa nayo, "Mzee, samahani, muhuri wako ulipinduka. Nimechapa mpya."

Akanitazama. "Ulipinduka?"

"Ndiyo, mzee. Bahati mbaya tu."

"Bahati mbaya." Akaitazama karatasi muda mrefu, kisha akautazama mlango wa Idara, kisha mimi. "Basi wameona, na jibu lao ndilo hili."

Sikuelewa anasema nini. Niliinama na kusema ndiyo, maana nilifundishwa kwamba usipoelewa unainama na kusema ndiyo. Akagonga muhuri wima. Ulikaa sawasawa kama mlingoti.

Nikaenda kwa Bwana Isobe. Bwana Isobe, naomba unisahihishe nikikosea neno. Ulitazama kisanduku cha tatu kwanza, kabla ya chako. Ukasema, "Aa. Sasa imekaa vizuri." Ukagonga. Ukafungua droo ukanipa peremende ya machungwa, ukaniambia, "Binti, utafika mbali."

Nilifurahi, waheshimiwa. Nilikula peremende ile kwenye ngazi.

Njia ikajengwa. Sitawasimulia sherehe ya ufunguzi, wengi wenu mpo kwenye picha. Nitawasimulia masika yaliyofuata, ambayo hamkupigwa picha. Vipanga wawili walikuwa wameshataga. Jumapili ya tatu baada ya ufunguzi, hali ya hewa nzuri, mbao zimejaa watu, ndege wakainuka wote wawili wakazunguka juu ya vichwa vyetu. Watu walipiga makofi. Walidhani ni maonyesho. Mimi nilikuwa nimevaa fulana ya kijani ya waelekezaji, na ndani ya nafsi yangu nilipiga makofi pamoja nao.

Siku ya nne Mzee Nukazawa aliingia majini. Alirudi na yai moja zima kwenye sanduku lake la chakula, limelala juu ya leso. Mengine mawili yalikuwa maganda. Ilibidi nijaze fomu ya kulipeleka makumbusho ya mkoa, na kwenye fomu kuna mahali pa sababu. Nikauliza, "Niandike nini, mzee?"

"Andika watu walisimama."

Fomu haikuwa na kisanduku cha watu kusimama. Niliweka alama kwenye "Nyinginezo."

Mwaka uliofuata walirudi, wakazunguka siku tisa, wakaenda zao. Mwaka huo huo Idara iliweka chini ya mnara wa kutazamia uliojengwa mwisho wa njia kitufe chekundu, ambacho ukikibonyeza unasikia sauti ya kipanga wa matete kwa sekunde kumi na mbili. Ni kazi safi, sauti haina mikwaruzo. Jumapili moja mama mmoja aliniuliza, "Dada, huyu ndege tunamwona wapi?" Nikamwambia, "Bonyeza hapo, mama." Ndiyo huduma tunayoitoa siku hizi.

Naona Bwana Mkuu wa Utumishi amesimama. Bwana, nimebakiza kurasa tatu. Ukipenda simama, ukipenda kaa.

Vuli iliyopita gazeti la mkoa liliuliza imekuwaje njia ikapita juu ya kiota. Ofisi yetu ikajibu kwa maandishi kwamba njia iliafikiwa na wote, akiwemo mkuu wa hifadhi mwenyewe, na nakala ya karatasi ikaambatanishwa, mihuri saba, safi. Tangu siku hiyo Mzee Nukazawa amekuwa ndiye mtu aliyewatoa ndege wake. Bi Hatsue Kanno, upo hapo mlangoni, na nakuomba radhi kwa kurudia maneno yako. Nilikuwepo dukani siku ulipomwambia: "We Nukazawa! Miaka yote unatufukuza na mapanga yetu, msikate mwezi wa nne, ndege wanalalia mayai, msiwashe moto, ndege wanalalia mayai. Kumbe mkono uliowauza ni wako!"

Naye akakujibu, "Matete ya mwaka huu yamekomaaje, Hatsue?"

"Usinibadilishie maneno!"

"Yamekomaa?"

Ukaondoka bila chenji yako. Alikaa pale akazungusha pakiti ya maharage mkononi, akairudisha rafuni. Hakukueleza. Hakumweleza mtu yeyote. Nilidhani ananyamaza kwa aibu.

Mpaka mwezi wa pili mwaka huu. Nilitumwa chumba cha kumbukumbu kuandaa viambatisho vya awamu ya pili, nikakaa na Bi Wakui, ambaye mnajua amekitunza chumba kile tangu mimi sijazaliwa. Kwenye faili moja la kale nikaona muhuri umegongwa kichwa chini. Nikacheka kidogo, nikasema, "Na huyu naye alikosea."

Bi Wakui akaweka miwani chini. "Alikosea? Mwanangu, huyo alikuwa anapiga kelele."

Akanieleza. Kwamba katika ofisi hii mtu hakatai kugonga muhuri, kwa sababu akikataa karatasi inasimama, na karatasi ikisimama kila aliyeshaigonga amedhalilika. Anachofanya ni kuupindua. Maana yake: nimeona, sitazuia, lakini sikubali. Na mkubwa akiuona muhuri wa namna hiyo analazimika kumwita mwenyewe, afunge mlango, amsikilize mpaka amalize, ndipo karatasi iende mbele. Bi Wakui alisema mihuri ya hivyo ameiona mara sita katika maisha yake yote, na mara nne mambo yalibadilika.

"Na mtu akiuona," nikauliza, "halafu asiite?"

Bi Wakui akaanza kupanga mafaili ambayo yalikuwa yamepangwa.

Siku iliyofuata nilimfuata Mzee Nukazawa juu ya tuta la kaskazini. Alikuwa anapigilia vigingi vya alama, vya njia ambayo haitajengwa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilihisi nikikaa nitakuwa najipendelea. Alisikiliza. Aliuliza swali moja tu.

"Isobe hakukutuma?"

"Hapana, mzee. Ni mimi mwenyewe. Nilidhani macho yako."

"Macho yangu." Akakaa chini kwenye nyasi zenye barafu. "Miaka mitatu nimeamini kwamba waliuona muhuri wangu, wakakuchagua wewe, mtoto, uniletee jibu kwa tabasamu. Nikasema kama wamefika mahali pa kumtuma mtoto, basi sina wa kuzungumza naye. Miaka mitatu nimemchukia mtu kwa kosa ambalo si lake." Kisha akanyanyua kichwa. "Ngoja. Ile ya kwanza ilipita kwake."

"Ilipita, mzee."

"Akaigonga."

"Akaigonga."

 Akaniambia, "Usimwambie mtu. Una miaka thelathini na mitano ya kukaa kwenye jengo lile. Mimi nina wiki tano." Na aliponiona nalia akaongeza, "Futa pua, upepo utaigandisha."

Kwa hiyo hayo ndiyo yaliyotokea. Mzee alidhani ametumiwa jibu. Mimi nilidhani namfichia uzee. Wakuu wengine wawili walidhani haiwahusu. Meya aliona karatasi safi akadhani watu wake wamekubaliana. Sisi watu wa Ashinuma tunajisifu kwamba tunaelewana bila kusemezana. Tazameni tulivyoelewana.

Mheshimiwa Meya, wewe sina la kukulaumu juu ya karatasi ile. Uliletewa uongo uliopangwa vizuri, na aliyeupanga ni karani wako. Lakini nitakuuliza kwa heshima: katika miezi yote ya ujenzi, mtu aliyekijua kinamasi kile kuliko wote alikaa ghorofa moja chini yako. Zile ni ngazi ishirini na mbili. Uliwahi kuzishuka?

Bwana Isobe, wewe unastahili sifa. Uliniambia nitafika mbali na leo nimefika hapa. Ulijua maana ya muhuri ule. Umefanya kazi hapa miaka thelathini, hukuwa mgeni kama mimi. Ulipouona mara ya kwanza hukumwita. Huenda ulikuwa unapanga kumwita baadaye. Siwezi kuingia moyoni mwako. Lakini karatasi ya pili ilipokuja na muhuri umesimama wima, ulijua kwamba kuna jambo limetokea katikati, na ukachagua kutokujua ni lipi. Kisha vuli iliyopita ulipolijibu gazeti, ulilitaja jina lake. Ungeweza kuandika "wote waliafiki" ukaishia hapo. Uliongeza "akiwemo." Ni neno moja tu, limekaa vizuri sana.

Nami sijitoi. Ningeweza kuyasema haya mwezi wa pili, siku ile ile niliyoyajua. Nilisubiri wiki tano, kwa sababu mkataba wangu wa kudumu ulikuwa unasainiwa tarehe kumi na tano. Ulisainiwa. Nawaambia ili msije mkanifanya shujaa mkiwa njiani kurudi nyumbani.

Leo saa mbili na nusu asubuhi nimepeleka taarifa yangu ya maandishi kwa Katibu wa Baraza. Ni kurasa mbili, zina tarehe, jina na muhuri wangu. Nimeeleza kwamba karatasi iliyoambatanishwa si ya kwanza, kwamba ya kwanza niliiharibu, na kwamba katika ile ya kwanza Mkuu wa Kitengo cha Hifadhi hakukubali. Nimetaja walioiona. Katibu aliisoma yote akiwa amesimama, akaniuliza, "Una uhakika unataka niipokee? Nikishaipa namba, hairudi." Nikamwambia aipe namba. Akaipa. Alinieleza kwamba kwa kanuni za Baraza, kiambatisho chenye shaka iliyosajiliwa hakiwezi kutumika, na pendekezo lisilo na maoni ya hifadhi haliwezi kusikilizwa. Kwa hiyo Jumatatu hakutakuwa na kura. Waheshimiwa wajumbe, najua baadhi yenu mnalisikia hili hapa kwa mara ya kwanza, na kwamba si adabu. Nimepima adabu na jambo lenyewe, nikaona adabu ndiyo iliyotufikisha hapa.

Sijidanganyi. Kwa hotuba hii hakuna ndege atakayerudi masika haya. Jumamosi maegesho ya soko yatajaa, kitufe kitabonyezwa. Na mimi Jumatano hii mwaka mpya wa kazi utakapoanza, huenda nikapangiwa dirisha la vyeti vya mifugo, na sitashangaa. Lakini mita mia nne zile bado hazijajengwa, na yeyote atakayekalia kiti cha Mzee Nukazawa atalazimika kuulizwa njia ya kusini ni sawa au si sawa, na kujibu kwa sentensi, kwa lugha yetu, na jina lake chini yake. Kwenye meza yake nimeacha ramani ya kaskazini na vipimo vyote.

Bibi Fumie, nilikuja kwako nyumbani juzi kukuomba ruhusa, ukanikaribisha mboga za chumvi, ukaniuliza swali moja: "Alilala vibaya miaka mitatu kwa ajili ya hili?" Nikasema ndiyo. Ukasema, "Basi sema, na usimwombe ruhusa yeye, atakunyima." Nimetii.

Mzee Nukazawa, uliniambia ninyamaze. Sikukusikiliza, na najua umekasirika. Hapo ulipo umeshika kofia kama mtu anayetaka kuondoka. Siombi unisamehe leo mbele ya watu, ambapo ungelazimika kukubali kwa heshima ya shughuli. Nilikunyang'anya neno lako pekee ulilolisema katika karatasi ile, na nimechelewa miaka mitatu na wiki tano kukurudishia. Nikasirikie kadiri unavyotaka. Ila mji wako usidhani tena kwamba ulikubali.

Mheshimiwa Meya, waheshimiwa, ndugu zangu: mngeweza kunizimia kipaza sauti tangu ukurasa wa pili. Nashukuru mmeniacha nimalize.